Mtungi wa zimamoto kwenye gari la spoti: tafuta pahali kwanza, duka baadaye

Wenye Altezza, Celica, MR2 na Subaru za tabo hapa Mtwara na Lindi, wengi wao mtungi wa zimamoto wanao. Waulize uko wapi. Uko kwenye buti, chini ya tairi la akiba, umelaliana na jeki, spana ya magurudumu na kandambili za mtoto. Ulinunuliwa ili trafiki akiuliza uonekane na stika ya ukaguzi ibandikwe, na tangu siku hiyo haujaguswa. Mtungi wa namna hiyo ni mzigo tu. Moto wa boneti hauna subira ya kungoja upakue buti, na gari likigonga, chuma hicho kinaruka mbele na kutafuta kisogo cha mtu.

Gari la familia lina nafasi, hata ukikosea kidogo utapata pa kuuchomeka. Gari la spoti halikupi nafasi hiyo. Siti zimekaa chini, katikati kuna mgongo wa giaboksi, na siti ya nyuma ama haipo ama ni ya jina tu. Ndiyo maana ushauri wangu unageuza utaratibu uliozoeleka: usianzie dukani. Anzia ndani ya gari, tafuta pahali, pima, halafu ukanunue mtungi unaoingia hapo. Anayenunua kwanza huishia kuuweka popote palipobaki, na palipobaki ni kwenye buti.

Kinachoungua

Aina ya mtungi inategemea kitakachowaka, kwa hiyo hilo liwekwe wazi mapema.

Altezza zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Maana yake hata iliyo changa kuliko zote ina mipira ya petroli yenye miaka 20 au zaidi, isipokuwa kama mwenyewe umeibadilisha. Mpira wa umri huo hukauka, hupasuka mstari mwembamba pembeni ya klipu, na unachokisikia wewe ni harufu tu asubuhi unapowasha. Kwenye injini ya tabo, upande wa eksozi hupata joto hadi chuma kikawa chekundu ukiikanyaga kwa muda mrefu, na bomba dogo la oili linaloingia kwenye tabo liko sentimita chache kutoka hapo. Oili ya usukani na ya breki nazo huwaka zikidondokea eksozi, jambo ambalo wengi hawalifikirii. MR2 ina lake: injini iko nyuma ya mgongo wako, moshi unaanza bila wewe kuuona, na wa kwanza kujua anaweza kuwa bodaboda aliye nyuma yako anayepiga honi ukadhani anataka kukupita.

Upande wa umeme, mkosaji wa kudumu ni muziki. Waya mnene wa amplifaya umetoka moja kwa moja kwenye betri, umepenya tundu la bati bila mpira wa kuulinda, na fyuzi ama haipo ama imewekwa kule mwisho karibu na amplifaya. Bati likishakata ganda la waya ule, hakuna cha kuukatisha umeme isipokuwa kuchomoa betri. Kabla hujatumia hela ya mtungi, weka fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 30 hivi. Ni pesa ndogo, na huenda ikafanya mtungi usihitajike kabisa.

Na usisahau moto unaotoka chini. Gari likishushwa, eksozi inakaribia ardhi. Ukienda Tandahimba au Newala wakati wa kiangazi ukaegesha juu ya nyasi kavu au majani ya mikorosho, joto la eksozi linatosha kuyawasha huku wewe ukiwa unakunywa chai. Tafuta udongo mtupu.

Hatua ya kwanza: kaa, funga mkanda, nyoosha mkono

Ingia, weka siti pale unapoendeshea kila siku, funga mkanda na uuvute ukaze. Sasa nyoosha mkono wa kushoto. Kila unapofika bila kuinua mgongo kutoka kwenye siti ni eneo halali. Pengine pote pafute kichwani. Kwa magari mengi ya aina hii inabaki sehemu moja ya maana: sakafu iliyo mbele ya siti ya abiria, chini ya mapaja yake, kwenye bolti mbili za mbele zinazoshika siti hiyo. Mtungi ulale hapo kwa upana wa gari, kichwa chake kikikuelekea wewe.

Kuna sehemu nyingine utakazopendekezewa. Mbele ya siti ya dereva panafikika kwa urahisi kuliko pote, na wapo wanaofunga hapo, lakini mimi sipakubali. Mtungi ukichomoka, unabingiria moja kwa moja chini ya pedeli ya breki. Ukuta wa nyuma ya siti kwenye MR2 unapendeza macho, ila ukiwa umefunga mkanda hufiki. Mlangoni, kwenye nguzo ya kioo cha mbele na juu ya dashibodi ya abiria ni njia za eabegi: mtungi uliowekwa hapo utarushwa na mfuko wenyewe. Kama gari lako lina keji ya mabomba ya kukulinda likipinduka, hapo umebahatika, fungia kwenye bomba lililo karibu na mkono wako kwa klampu za chuma zinazolingana na unene wake.

Ukishapata pahali, chukua tepu upime vitu vitatu: kimo kati ya kapeti na tumbo la siti ikiwa imesogezwa mbele kabisa, upana kati ya mgongo wa giaboksi na kizingiti cha mlango, na umbali hadi visigino vya abiria akiwa amekaa. Mtungi wa poda wa kilo 1 huwa na kipenyo cha sentimita 8 hivi, wa kilo 2 unakaribia 11. Hizo sentimita tatu ndizo zitakazokuamulia ukubwa, si muuzaji.

Hatua ya pili: poda, povu au gesi

Poda ya ABC ndiyo utakayoikuta kila duka la vifaa. Herufi hizo, kwenye mitungi inayofuata alama za Ulaya, zina maana ya A kwa vitu vikavu kama siti na plastiki, B kwa mafuta, C kwa gesi. Kwenye mitungi ya Marekani C ni umeme, kwa hiyo soma picha zilizochorwa, usisome herufi peke yake. Poda inakata moto wa petroli haraka kuliko karibu chochote unachoweza kukibeba mkononi. Udhaifu wake ni kwamba haipoozi chuma. Moto ukizimika huku eksozi bado ina joto na petroli bado inadondoka, unaweza kurudi. Isitoshe, ni chafu na inakula alumini ikipata unyevu. Hilo nitalirudia mwishoni, kwa sababu hewa ya huku pwani haikosi unyevu.

Povu linapooza na kufunika petroli iliyomwagika, na ndilo linalopendwa na watu wa mashindano. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari na mashindano yake, kwa mtungi wa mkononi zinataka povu lita 2.4 au poda kilo 2. Shida yake ni kulipenyeza kwenye boneti iliyojaa mabomba, maana haliruki na kujaza kila pembe kama vumbi la poda linavyofanya.

CO2, yaani gesi ya kaboni dioksidi, ni safi, haiachi kitu, na kwa ofisi ni nzuri sana. Kwa gari linaloshinda juani Mtwara siipendekezi. Kwenye nyuzi 20 gesi hiyo iko kwenye shinikizo la bar 57 hivi, na joto likipanda shinikizo hupanda vibaya. Mtungi wa poda, kwa kulinganisha, huwa na bar 12 hadi 15. Halafu ukiwa nje, upepo wa bahari unaipeperusha kabla haijakaa juu ya moto.

Zipo gesi safi za magari, mfano Halotron, zisizoharibu injini wala nyaya. Ukiwa na gari ulilolitengeneza kwa miaka na injini inang'aa, zinafaa, lakini jiandae kuagiza Dar es Salaam na kuzijaza upya hukohuko, kwa bei ya mara kadhaa ya poda. Ukikutana na mtungi wa zamani wa haloni kwenye mitumba, uache. Utengenezaji wake katika nchi zilizoendelea ulikoma mwanzoni mwa 1994 chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, na hutapata wa kukujazia. Vikopo vya kupuliza vya nusu kilo ni vya kumalizikia mkononi wakati ndiyo kwanza umeanza kulenga.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi jibu langu ni poda ya ABC, kilo 2 ikiingia, kilo 1 ikishindikana. Sababu kubwa ni kwamba utaijaza na kuikaguza hapahapa bila kuisafirisha.

Hatua ya tatu: usiuziwe kopo lililopakwa rangi

Dukani angalia geji kwanza: mshale uwe katikati ya kijani. Gonga kioo chake kwa kucha. Mshale unaweza kukwama kwenye kijani hata kama gesi imepungua, na hata mshale mzuri si ushahidi kamili, ndiyo maana kuna mizani. Lebo huandika uzito wote, yaani chuma na poda pamoja. Omba upimiwe. Ukipungua sana, kuna poda iliyoliwa na njia. Mizani ya magunia ya korosho haifai, kwake kilo moja si kitu; tafuta ile ya duka la rejareja inayopima sukari.

Pini iwe na sili isiyokatwa. Kichwa kiwe cha shaba au chuma, si plastiki. Tarehe ya kutengenezwa isomeke. Kisha tafuta maandishi kama 8A 34B au 13A 89B. Namba iliyo mbele ya B inatokana na sinia la majaribio: 34B ina maana mtungi ulizima moto wa sinia lenye lita 34 za mafuta na maji. Kati ya mitungi miwili yenye uzito sawa, chukua wenye B kubwa. Usiokuwa na namba yoyote mwachie mwenyewe.

Soma pia kiwango cha joto. Mingi imeandikwa hadi nyuzi 60. Kuna ya bei rahisi inayoishia pungufu ya hapo, na hiyo si ya gari.

Risiti itunze. Siku ya ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji itakusaidia kuonyesha umri wa mtungi, na fundi wa kujaza atajua pa kuanzia.

Hatua ya nne: breketi ndiyo nusu ya kazi

Ile breketi inayokuja ndani ya boksi, waya mwembamba au plastiki yenye mkanda wa mpira, imetengenezwa kwa ajili ya ukuta wa jikoni. Ukuta hausimami ghafla. FIA inadai kishikio kihimili mara 25 ya nguvu ya mvutano wa dunia, mikanda isiyopungua miwili, yote ya chuma, yenye kufunguka haraka. Fanya hesabu mwenyewe: mtungi wa poda wa kilo 2 pamoja na chuma chake unafika kilo 3.5. Zidisha kwa 25 unapata kilo 87.5. Huyo ni mtu mzima anayening'inia kwenye breketi yako kwa sehemu ya sekunde. Velikro inaweza hiyo? Vikanda vya plastiki je?

Kwa hiyo nunua breketi ya chuma yenye mikanda miwili ya kubana kwa kilemba (bizimu ya chuma ya kufungia na kufungulia mkanda), au ichongeshe kwa fundi wa kulehemu anayejua kazi. Kilemba cha kufungulia kielekee upande wako. Pia breketi iwe na vidole viwili vidogo vya chuma, kimoja kila mwisho, vinavyozuia mtungi kuteleza kwa urefu wake na kutoka kwenye mikanda. Mtungi ukilala kwa upana wa gari, mikanda ndiyo inayobeba mzigo wa kugonga mbele. Ukilala kwa urefu wa gari, ni vidole hivyo tu vinavyouzuia usitoke. Ndiyo sababu nimesisitiza upana.

"Kaka, tupige riveti tu, hii haichomoki." Fundi wa bodi atakuambia hivyo kwa roho safi, kwa kuwa riveti inashika mapambo ya mlango vizuri sana. Mshukuru, halafu mwombe bolti.

Hatua ya tano: kufunga

Chomoa waya hasi wa betri, subiri dakika chache. Chini ya siti za magari mengi ya Kijapani kuna soketi na nyaya za njano. Hizo ni za eabegi na mikanda: usizipime kwa taa ya kujaribia, usizichomoe bila sababu, na usiruhusu breketi izikandamize.

Fungua bolti mbili za mbele za siti ya abiria. Mara nyingi ni spana 14. Tengeneza kielelezo kwa boksi gumu kwanza. Likate, litoboe, liweke juu ya matundu, weka mtungi wenyewe juu yake ama chupa ya maji ya ukubwa unaokaribiana, sogeza siti mbele na nyuma. Boksi ukilikosea unakata lingine. Ukiridhika, mpelekee fundi akukatie flatibaa ya chuma yenye unene wa milimita 3 na upana wa milimita 40, inayopita kutoka bolti moja hadi nyingine. Mwambie asage kingo zote. Abiria wako atakaa na kaptula siku moja.

Flatibaa hiyo inakula milimita 3 za uzi wa bolti. Chukua bolti moja ya asili uende nayo dukani, upate yenye uzi uleule na urefu ulioongezeka kwa kiasi hicho, ikiwa na alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti isiyo na alama yoyote usiikaribishe kwenye siti, maana hapo hushiki mtungi tu, unashika na mtu. Ijaribu kwanza kwa vidole: iingie laini mpaka mizunguko kadhaa kabla ya kutia spana. Ikigoma, uzi si wenyewe.

Funga breketi kwenye flatibaa kwanza, ukiwa mezani, kwa bolti mbili za milimita 6 au 8 na nati zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Vichwa vya bolti viwe upande wa mtungi, bapa, visiukwaruze. Kisha ndipo flatibaa ishuke sakafuni na bolti za siti zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Ikiwa siti yako ni ya kubadilishwa na haina bolti za mbele zinazofaa, itabidi utoboe sakafu. Hapa polepole. Ingia chini ya gari kwanza na tochi, maana mabomba ya breki na ya petroli hupita huko yakifuata sakafu, na drili ikilitoboa la petroli utakuwa umeuanzisha moto uliokuja kuuzuia. Kapeti nalo lina vituko vyake: ukitoboa juu yake, ncha ya drili inanasa uzi mmoja, inauzungusha, na kabla hujaachia swichi umevua mstari mrefu kutoka mlangoni hadi kwenye giaboksi. Pasha msumari moto, choma tundu kwenye kapeti hadi nyuzi ziyeyuke pembeni, ndipo upitishe drili. Chini ya sakafu weka kipande cha bati nene cha ukubwa wa kiganja chini ya kila nati, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilicho wazi, ziba kwa gundi ya bodi.

Sasa weka mtungi. Geji ionekane ukiinama kidogo, pete ya pini iangalie juu, mdomo wa kutolea poda usielekee uso wa mtu. Kati ya mtungi na breketi weka ukanda wa tyubu ya baiskeli ili usigonge, lakini mikanda ya juu ibaki chuma kitupu. Shika mtungi kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu zako zote. Gari lote litikisike, mtungi usicheze.

Jaribio la mwisho lifanye ukiwa na mkanda, macho umefumba: fikia kilemba, fungua, toa mtungi, ushike upande wa kichwa. Ukikwama popote, rekebisha sasa. Halafu mfundishe hivyohivyo yule anayekaa upande wa pili, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu nao zaidi.

Joto, chumvi na mtikisiko wa njia zetu

Ndani ya gari lililofungwa vioo juani, sakafu hubaki na joto la chini kuliko dashibodi kwa kiasi kikubwa, hiyo ni faida nyingine ya pahali tulipopachagua. Bado weka pazia la kioo unapoegesha Shangani au sokoni, na acha upenyo wa vioo.

Hewa ya Mikindani na ya ufukwe wa Lindi ina chumvi, na bolti za kawaida za breketi zitaota kutu kabla ya mwaka. Za kubana breketi zinaweza kuwa za chuma kisichoshika kutu. Za siti zibaki ngumu zenye alama, zipakwe grisi nyembamba ya nje. Kilemba kipulizie mafuta mepesi mara mojamoja, kwa maana kilemba kilichoshikana kwa kutu kinakurudisha palepale kwenye buti.

Poda ina tabia ya kushindiliwa. Njia ya vumbi yenye mawimbi, na hata rasta za kwenye lami ya kuelekea Kibiti, huitikisa hadi inaganda chini kama sukari iliyopata unyevu, na siku ya kazi gesi inatoka peke yake. Kila mwezi toa mtungi, ugeuze kichwa chini, upige kitako kwa kiganja mara kadhaa hadi uhisi poda inateremka ndani. Ukirudisha, tazama geji na kaza nati. Baada ya safari ya kwanza ndefu ya kupanda Makonde, kagua nati hata kama mwezi haujafika. Mara moja kwa mwaka upeleke kwa mkaguzi.

Moto ukiwaka

Ukiona moshi au kusikia harufu ya kuungua, toka barabarani, zima swichi, vuta hendibreki. Kuzima swichi kunasimamisha pampu ya petroli, na hilo peke yake linaupunguzia moto chakula. Fungua mkanda wako, kisha mtungi. Watu watoke wote kwanza na wasogee mbali. Usipulize poda ukiwa umejifungia ndani, hutaona mlango wala hutapumua. Mmoja apige 114, namba ya Zimamoto, na ataje alama inayojulikana: kituo cha mafuta, daraja, jina la kijiji. Ukiwa kati ya Lindi na Nangurukuru, jua kwamba gari la zimamoto lina safari ndefu, na mtungi wako una sekunde zisizozidi kumi hivi. Hizo ni za kuzima moto mchanga, au za kumfungulia mtu njia ya kutoka. Moto ukishakamata boneti nzima au ukisogea kwenye tangi, acha gari liungue.

Simama upepo ukikupiga mgongoni. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi ndiyo inayotawala, Desemba hadi Machi ni kaskazi, na barabara ya pembeni mwa ghuba ya Mikindani haina kizuizi. Ukisimama upande usiofaa poda na moto vyote vinakurudia.

Boneti usiifungue wazi. Ukiiinua yote, hewa inaingia kwa mkupuo na moto unakupiga usoni. Vuta kile kishikio cha kuachia boneti kilicho ndani ya gari tu, boneti inyanyuke kidogo, uelekeze mdomo kwenye upenyo huo au kupitia grili. Shika mtungi umesimama wima, hata kama ulikuwa umelala kwenye breketi, kwa sababu bomba la ndani linanyonya poda kutoka chini. Vuta pini, lenga shina la moto na si ndimi zake, minya, fagia kulia na kushoto. Bakiza kidogo. Ukizimika, kaa ukitazama ukiwa na mtungi mkononi, kwani eksozi bado ina joto la kuurudisha.

Watu wa huku hawakai pembeni. Watakuja mbio na ndoo. Wazuie kumwagia maji petroli inayowaka, itaelea na kutambaa na moto wake. Mchanga wanaweza kuumwaga kwenye petroli iliyo chini, na mchanga hapa haukosekani.

Baada ya poda

Mtungi ukiminywa hata mara moja, unahitaji kujazwa upya. Poda hubaki kwenye mdomo wa valvu na gesi huvuja usiku kucha. Asubuhi geji iko sifuri.

Usiwashe injini kujaribu kama bado nzima. Poda iliyonyonywa na injini inakwangua silinda, na kwenye tabo inakwangua na mapanga yake. Gari livutwe. Toa kichungio cha hewa, safisha bomba lake hadi kwenye tabo, weka kipya. Kabla ya maji yoyote, nyonya poda kwa mashine ya vumbi au ipulize kwa upepo wa kompresa ukiwa umefunika pua, maana ikilowa inageuka tope lenye asidi linaloingia kwenye soketi za nyaya. Ikiisha kutoka ndipo ufute kwa kitambaa chenye maji na magadi kidogo, kisha maji safi, kisha ukaushe vizuri. Ifanye siku hiyohiyo. Ukingoja wikiendi kwa hewa ya Mtwara, utakuta alumini imeanza madoa meupe na soketi za kijani, na hizo soketi ndizo zitakazokusumbua miezi ijayo kwa taa za dashibodi zinazowaka bila sababu.

Mafundi wakiwa bado wamelifungua gari, waambie wabadilishe mipira yote ya petroli kuanzia tangi hadi reli ya nozeli, pamoja na klipu zake.